Sare ya Mheshimiwa

Ilitangazwa rasmi, kwa karatasi yenye mihuri miwili iliyobandikwa kwenye lango la kituo, kwamba kuanzia siku ya kwanza ya muhula mpya hakuna mhudhuriaji yeyote atakayepokelewa bila sare kamili. Sare ilifafanuliwa: shati la bluu hafifu, lenye kola, suruali ya kijivu kwa wanaume na sketi ya kijivu kwa wanawake, soksi, viatu vilivyofungwa. Sababu nazo zilifafanuliwa. Mavazi nadhifu, karatasi ilisema, humjengea mhudhuriaji kujitambua, huipa jamii picha njema ya watu wenye ulemavu wa akili, na huondoa tofauti. Tofauti zenyewe hazikutajwa. Wahusika, ambao karibu wote hawakujua kusoma, walipita chini ya karatasi ile siku ya kufunga muhula, na mmoja wao akachana pembe yake, akainusa, akaitia mdomoni.

Huyo aliyeitia mdomoni aliitwa Mheshimiwa. Jina alipewa na majirani, kwa sababu hakuwahi kumsalimia mtu, hakumtazama mtu usoni, na ukimpisha njiani alipita kana kwamba njia yenyewe ilichongwa kwa ajili yake. Alikuwa kijana wa miaka ishirini kasoro, mrefu, mabega mapana, mzuri wa sura kiasi cha kuwachanganya wageni, na hakuwa na neno hata moja. Mama yake alikuwa fundi cherehani. Mtaa mzima ulimwita Fundi.

Kwa Fundi tangazo lile lilikuwa neema. Kazi ya kushona sare za kituo kizima alipewa yeye, kwa kuwa alikuwa mzazi wa pale, kwa kuwa mshono wake ulijulikana, na kwa kuwa fundi wa kwanza kuombwa aliuliza malipo yatatoka lini. Vitambaa vililetwa kwa marobota, vikajaza kona moja ya chumba cha mbele hadi dirishani. Fundi aliyatazama marobota, akaitazama cherehani yake ya kukanyaga aliyorithi kwa mama yake, akaona kazi ni kubwa kuliko miguu. Akanunua mota.

Ilikuwa mota iliyokwisha kutumika, ndogo kama kiatu, ya kufungwa ubavuni mwa cherehani. Ukigusa kanyagio lake kidogo tu, sindano inakimbia kama imefukuzwa. Jioni ya kwanza Fundi alishona mabega ya mashati mengi kuliko aliyozoea kushona siku nzima, akainuka bila kushika magoti, akajisikia amechelewa kuzaliwa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na bafu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma cha kulala, na bafu lilikuwa na bomba moja na ndoo ya bati. Mheshimiwa aliijua nyumba ile kama mtu anavyoujua mdomo wake. Mlango wa chumba cha kulala ulipaswa kuwa wazi kiasi cha kupitisha bega, si zaidi wala si pungufu: ukiufunga, aliufungua; ukiufungua wote, alirudi kuurekebisha, hata kama ilibidi aache chakula. Chakula chenyewe kilikuwa mkate uliokatwa kingo, wali usioguswa na mchuzi, na chai iliyopoa. Tone la mchuzi likiangukia wali, sahani nzima ilikuwa imekufa.

Akitaka kitu, hakuonyesha kidole. Alikushika kifundo cha mkono na kuupeleka mkono wako kwenye kitu hicho, bila kukutazama, kama mtu anayetumia koleo. Wageni waliona ni dharau. Fundi, baada ya miaka kadhaa, aliona ni heshima: hakuwa akitumia mkono wa mtu yeyote tu.

Alipokuwa mdogo aliwahi kusema "taa," au kitu kilichofanana na taa, mara chache, halafu neno likaondoka kama lilivyokuja. Ndugu walisema atasema tu, hata babu yake alichelewa. Wengine walishauri akatwe uzi wa chini ya ulimi. Wengine walisema Fundi anamdekeza. Daktari alisema ni usonji, tena mkali.

"Usonji unapona?" Fundi aliuliza.

"Si homa, mama. Ndivyo alivyo. Kazi iliyopo ni kumwelewa."

Fundi aliipokea kazi hiyo kama anavyopokea kitambaa kwa mteja asiyesema anataka kushonewa nini. Baba wa mtoto, kwa upande wake, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na baada ya siku ile safari zake zilizidi kurefuka, mpaka ikaja moja isiyo na kurudi. Hakufa. Alioa.

Miaka ikaenda. Mheshimiwa alirefuka, na mambo yake yakarefuka naye. Aliyumba mbele na nyuma kwa saa nzima. Alipepea vidole mbele ya macho kwenye mwanga wa dirisha na kucheka, kicheko cha kweli cha mtu aliyeambiwa jambo zuri, na hakuna aliyejua ameambiwa nini. Gari halikumtisha, kwake barabara ilikuwa sakafu nyingine tu. Alilala kidogo. Alihitaji kusaidiwa chooni, kila siku, na mama yake alikuwa na mgongo mmoja. Na jambo likimzidi alijiuma kifundo cha mkono wa kushoto, palepale, mpaka ngozi ya pale ikawa ngumu kama ya kisigino.

Ndiyo maana kituo hakikuwa jambo la anasa. Kabla ya kituo Fundi alishona mlango ukiwa umefungwa kwa ndani, ufunguo akiuvaa shingoni pamoja na tepu ya kupimia, wateja wakipokelewa dirishani. Walisubiri nafasi miaka miwili, na nafasi ilipopatikana Mheshimiwa alipata ua mpana wa kuzunguka, mkono wake ukipita ukutani, na mlezi mmoja aliyejifunza kuacha milango wazi kiasi cha bega. Alianza kurudi nyumbani akiwa amechoka kwa haki, akala, akalala. Hakukuwa na kituo kingine cha kumpokea mtu kama yeye. Nafasi ile ikipotea, ufunguo ulikuwa unarudi shingoni.

Basi likizo ilianza, mota ikaanza, na siku chache baadaye Mheshimiwa alianza kuvua nguo.

Hakuwahi kuwa na tabia hiyo. Alivua shati, akavua suruali, akaviacha vimelala sakafuni, akaenda bafuni, akafungua bomba juu ya ndoo ya bati na kuchuchumaa kando yake. Fundi alimvika. Alipogeuka, kijana alikuwa amevua tena. Wakati mwingine alitoka na kusimama mlangoni maji yakimchuruzika, katikati ya wateja, kana kwamba wao ndio waliokosea nyumba.

"Fundi, mimi sina neno," alisema mteja mmoja aliyeleta gauni la kupunguzwa, macho ameyaelekeza darini. "Lakini mtu akiingia kwa fundi wa nguo akamkuta mwana wa fundi yuko kama alivyozaliwa, si atajiuliza?"

"Atajiuliza akiwa nje," Fundi alisema. "Geuka nikupime."

Mteja aligeuka. Mtaani habari ilitangulia kabla ya gauni kupunguzwa. Walisema Fundi sasa anashonea hewa. Walisema mwanawe ameiona mishono yake kwa karibu kuliko wao. Fundi alijitia hamnazo, akaendelea na mabega ya mashati, lakini usiku alikuwa akijigeuza kitandani.

Katikati ya likizo Mkuu wa kituo alipita kuona kazi imefika wapi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai, anayependa mambo yaende kwa utaratibu, na aliheshimu kanuni kama wengine wanavyoheshimu wakwe zao: kwa umbali na bila kuuliza.

"Habari za hapa, mama. Naona kazi inakwenda."

"Inakwenda, mkuu. Karibu kiti. Si hicho, hicho kina sindano. Kaa hiki."

Fundi alizima mota kwa adabu, akachukua shati moja amwonyeshe mshono wa bega. Mheshimiwa alitoka bafuni kama alivyokuwa. Alimfikia mgeni, akainama, akainusa tai yake kwa muda mrefu na kwa makini, kisha akarudi alikotoka. Mkuu aliyatazama marobota.

"Ameanza lini?"

"Likizo hii hii."

"Mimi kijana namjua, mama. Hana ubaya. Lakini pale nina wasichana. Nina wageni. Nina bodi. Akija hivi siku ya kufungua, sina la kusema."

"Na akija amevaa?"

"Akija amevaa, na akibaki amevaa, nafasi yake ipo. Vinginevyo kuna watu wanaisubiri. Wewe mwenyewe ulisubiri."

Hakulisema hilo la mwisho kwa kutisha, na ndiyo maana liliuma. Mzazi fulani mahali fulani, ufunguo shingoni, alikuwa akiomba nafasi ipatikane.

Kuanzia hapo Fundi aliacha usingizi na kuanza kufikiri, na alifikiri kama fundi. Mtu anayevua nguo, nguo inamsumbua. Nguo inamsumbua wapi? Kuna mshono, kuna kola, kuna mpira wa kiunoni, kuna pindo, kuna uzi ulioachwa mrefu. Aliyafahamu malalamiko hayo kwa wateja wenye midomo. Huyu hana mdomo, basi lazima atafutiwe. Alichukua shuka kuukuu lililolainika kwa kufuliwa, akamshonea shati lisilo na kola. Lilivuliwa. Akashona la pili akiibana mishono ilale kabisa. Lilivuliwa. La tatu halikuwa na vifungo, la nne lilikuwa pana kama pazia, la tano lilikuwa limegeuzwa, mishono yote nje, isiguse ngozi. Kwa kuwa muda ulikuwa unambana na sare za watu zinamsubiri, yote aliyashona kwa mota. Kila shati lilikuwa laini kuliko lililotangulia, na kila shati lilivuliwa upesi kuliko lililotangulia.

Mdogo wake, mfanya usafi wa hospitali aliyekuja kila Jumapili kusaidia kumnyoa kijana ndevu, aliliinua lile la tano kwa vidole viwili.

"Dada, baada ya hili umebaki kumshonea upepo."

"Unacheka."

"Sicheki. Nauliza kama una kipimo chake."

Fundi aliinamia kazi. Alikuwa anafumua kwapa.

Shati la sita lilikuwa na pindo lililokunjwa kwa nje. Lilipomalizika, mota iliungua. Ilitoa moshi mwembamba na harufu ya mpira, ikanyamaza. Fundi wa umeme alikuja, akaifungua, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka kuaminiwa, akaitia mfukoni.

"Kesho saa nne utakuwa nayo."

"Kesho ipi?"

"Mama nawe. Kesho hii hii ya watu wote."

Kesho ya watu wote ilichukua zaidi ya wiki. Fundi alirudisha mkanda wa ngozi kwenye gurudumu kubwa, akatia mafuta, akarudi kwenye miguu yake. Cherehani ikaanza tena kugonga taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Mheshimiwa alitoka bafuni. Alilala kando ya cherehani, shavu kwenye saruji, akitazama bamba la chuma likipanda na kushuka chini ya miguu ya mama yake, kama alivyokuwa akifanya tangu alipojua kutambaa. Alikuwa amevikwa shati la sita. Jioni alikuwa bado amelivaa. Kesho yake pia, na siku iliyofuata.

"Ni pindo," Fundi alimwambia mdogo wake Jumapili, kwa sauti ya mtu anayejizuia kuringa. "Pindo ndilo lililokuwa likimla. Nimelikunja nje, basi."

"Hongera, dada. Uwaambie madaktari."

"Wao watajuaje pindo?"

Akamshonea kijana la saba kwa kipimo kile kile cha la sita, pindo nje, ili abadilishe. Akalipiga pasi. Siku zile alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyeelewa, na ingekuwa vizuri kuiacha hadithi hapo, kama walivyoiacha wengi waliowahi kuelewa mambo.

Mota ilirudi siku ambayo maji yalikuwa yamekatika.

Fundi aliifunga asubuhi, akashukuru, akaingiza mkono wa shati chini ya sindano. Hakuwa amefika nusu ya mkono. Mheshimiwa alinyanyuka sakafuni, akavua shati lenye pindo nje, akavua suruali, akaenda bafuni. Bomba lilipiga kikohozi, likanyamaza. Alilifunga, akalifungua. Alilifunga, akalifungua. Kisha akaja karakana, akamshika mama yake kifundo cha mkono, akaung'oa kwenye kitambaa na kuupeleka mpaka kwenye bomba.

"Hakuna maji, mwanangu. Yamekatika. Mimi siyaleti."

Alimvika kwa nguvu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kijana akiwa wa kubebwa. Kichwa kilipita kwenye shati kwa shida. Hawakutazamana. Akarudi kwenye kazi, kwa sababu kazi ilikuwa imejaa hadi dirishani, akagusa kanyagio, na nyuma yake akasikia kishindo.

Kijana alikuwa anapiga paji la uso ukutani. Fundi alikurupuka. Mguu ulipotoka kwenye kanyagio mota ilinyamaza, na kabla hajafika mlangoni kishindo kilikoma. Alisimama kumtazama. Mheshimiwa alikuwa ametulia, anahema, mkono mdomoni. Fundi akajiambia limepita. Akarudi, akakaa, akagusa kanyagio. Kishindo. Akanyanyuka. Kimya.

Alibaki ameshika mlango kwa muda. Daktari alikuwa amemwambia kwamba wengine huziba masikio. Huyu hakuwahi kuziba, hata siku moja, kwa hiyo mama yake alikuwa ameacha kuyafikiria masikio kabisa. Alirudi kwenye kiti, akakigeuza kielekee bafuni. Hakuweka kitambaa chini ya sindano. Akagusa kanyagio kwa kidole cha mguu, huku macho yakiwa kwa mwanawe badala ya sindano.

Akaliachia mara moja. Alichomoa waya ukutani. Hakujaribu tena.

Kijana alikuwa na nundu juu ya nyusi. Fundi alikaa kwenye kizingiti cha bafu na kulaza kitambaa chenye maji ya kunywa juu yake, na alipokuwa hapo mambo yalianza kujipanga upya, moja baada ya jingine, kama nguo inavyogeuzwa ndani nje. Kijana hakuwa akivua kwa sababu ya nguo. Alikuwa akivua kwa sababu ya maji: anayekwenda kuoga anavua, shati kwanza, kisha suruali, kisha ndoo, nani mwingine alimfundisha utaratibu huo, miaka nenda miaka rudi, kama si yeye? Na hakuwa akitaka kuoga. Alitaka maji yaanguke kwenye ndoo ya bati, yafunike ile sauti nyembamba ya mota iliyokuwa ikimwingia kichwani mahali ambapo watu wengine hawana mlango. Akachuchumaa pale, sikio karibu na ndoo, akingoja mama yake achoke kushona. Mama yake hakuchoka. Alikuwa akimshonea yeye.

Mashati saba hayakuwa na kosa lolote. Mtu akitunga jambo la namna hii ataambiwa anatia chumvi: mama anamtesa mwanawe kwa mashine ili amshonee nguo ya kumtuliza mateso ya mashine. Fundi hakulitunga. Alilitazama tu, likiwa na nundu.

Hakulia. Alimshika kijana mkono, ule wa kushoto, kwenye ile ngozi ngumu. Kwa kawaida Mheshimiwa aliuvuta mkono wake mara tu unaposhikwa bila shughuli. Safari hii aliuacha kidogo, kisha akauvuta.

Kulikuwa na njia nyingine, na Fundi alizijaribu, maana hakuwa mtu wa kuinua mikono upesi. Pamba za masikio zilitolewa na kutafunwa. Kushona nyumbani kwa jirani kulihitaji mtu wa kubaki na kijana, na mtu huyo alipatikana Jumapili mchana tu. Kumpeleka kijana kwa jirani kulihitaji milango ya jirani iwe wazi kiasi cha bega, na jirani ana watoto na kuku. Ndani ya nyumba hapakuwa na pa kuihamishia cherehani, ukuta wa karakana na bafu ulikuwa mmoja. Kwa mota, sare zote zingekuwa tayari kabla ya muhula, na mwanawe angefika langoni akiwa uchi na amevimba paji la uso. Kwa miguu, Fundi alijua kwa kuutazama tu mrundo kwamba sare hazitawahi.

Jumapili alimwachia mdogo wake wembe na kijana, akabeba fungu la vipande vilivyokatwa, akaenda kwa Mkuu.

"Sare hazitawahi, mkuu."

"Mota haijarudi?"

"Imerudi. Ndiyo tatizo."

Alimweleza. Mkuu alimsikiliza kwa adabu, kidevu mkononi, na ilionekana kwamba anaamini kila neno na kwamba halimsaidii.

"Kwa hiyo ni sauti tu."

"Kwetu sisi ni sauti tu."

"Nimekuelewa, mama. Kweli nimekuelewa. Lakini bodi haikusikia mota. Bodi ilisikia neno sare." Alilitazama fungu lililokuwa mezani. "Umefika wapi?"

"Kazi ya jumla inashonwa kwa mafungu. Mabega yote, halafu mikono yote, halafu ubavu, kola mwisho. Mabega yamekwisha, na mikono baadhi. Hivi vina alama zake. Mpe fundi mwingine amalizie, mimi sitakuwa na kinyongo."

Mkuu alipiga simu kwa fundi mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Ulikuwa msimu wa kufungua shule, na kila cherehani iliyokuwa na sindano ilikuwa inashonea watoto wa shule. Mmoja wao alicheka hata Fundi akamsikia. Mkuu aliweka simu chini na kulisukuma fungu lirudi upande wa pili wa meza.

"Basi shona kwa miguu. Lakini tangazo linabaki pale pale."

"Libaki," Fundi alisema. "Lile halimsumbui. Halipigi kelele."

Mafundi wana desturi yao, na mama yake Fundi aliishika hadi alipokufa: nguo za nyumbani hushonwa mwisho. Mteja kwanza, mtoto wako baadaye, na kama sikukuu itafika hajavaa kipya, basi ndiyo kazi. Fundi alikuwa ameishi kwa desturi hiyo maisha yake yote. Jioni ile aliiweka mota chini ya kitanda, akachukua kitambaa cha bluu hafifu na cha kijivu, cha kawaida kabisa, kigumu kidogo kama vitambaa vyote vya sare, akaanza na sare ya mwanawe. Aliishona mwanzo hadi mwisho bila kuiingiza kwenye mafungu. Mishono ndani, pindo ndani, vifungo vyote, kola. Mheshimiwa alilala chini akitazama bamba likipanda na kushuka. Alipovikwa alilinusa bega, akalinusa tena, akarudi kulala pale pale.

Baada ya hapo Fundi alirudi kwenye mikono ya mashati ya watu, mchana na jioni, magoti yakimlalamikia kwa lugha yao. Mdogo wake alisema safari hii ameshona kwa akili. Fundi alisema akili ingekuja mapema asingekuwa na mashati saba ya kupangusia vumbi.

Siku ya kufungua muhula wajumbe wawili wa bodi walikuja. Mkuu, kwa nia njema, alikuwa ameagiza majani ya ua yakatwe ili mahali papendeze. Fundi alifika akimshika mwanawe bega, akiwa na mfuko wenye mashati ya wenzake ambayo bado hayajatiwa kola, na barua ya kuomba radhi aliyoandikiwa na mdogo wake. Walipokuwa hatua chache kutoka langoni, mkata majani aliwasha mashine yake nyuma ya jengo.

Ilikuwa sauti nyembamba, ya juu. Mheshimiwa alisimama. Mkono wake ulipanda hadi kwenye kifungo cha juu cha shati, ukakishika. Kifungo kilitoka. Ukashuka kwenye cha pili.

Fundi hakumshika mkono. Alijua sasa kwamba mkono haukuwa na kosa. Alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa langoni kati ya wajumbe wawili, mmoja akimweleza jambo kuhusu rangi ya kuta. Alikitazama kile kifungo. Aligeuza kichwa upande sauti ilikotoka, na kwa muda kidogo alionekana kama mtu anayesikiliza kitu kwa mara ya kwanza. Kisha akamwacha mjumbe katikati ya sentensi, akaenda nyuma ya jengo kwa mwendo ambao haukufaa kwa mtu mwenye tai.

Sauti ilikatika.

Mkono wa Mheshimiwa ulibaki kifuani, ukashuka. Fundi alikirudisha kifungo cha juu mahali pake. Mkuu alirejea akipangusa viatu, akamwambia mjumbe kwamba majani yatamaliziwa watu wakishaondoka, na mjumbe akauliza kwa nini, na Mkuu akasema ni utaratibu. Mheshimiwa alipita katikati yao, akaufikia ukuta wa ua, akaweka kiganja chake pale kinapokaa, akaanza kuzunguka.

Wengine walifika mmoja mmoja na wazazi wao, wakaingia. Mmoja alikuwa na gauni la mama yake, mwingine fulana ya timu ya mpira, mwingine nguo za kulalia. Wote walipokelewa. Aliyevaa sare alikuwa mmoja.